Majibu Thelathini na Mawili

Darasani walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua likizo. Lakini tangu mwalimu wa baiolojia alipotoa vishikwambi vya shule kabatini, binti yule alinyamaza kama aliyemwagiwa maji.

Ulikuwa mchezo. Vigae vya rangi nne vilipangwa safu safu, kila safu ikiwa kipande cha vinasaba vya kiumbe mmoja: mtu, nyani, panya. Mchezaji alivisogeza mpaka rangi zinazofanana zisimame pamoja. Ukiacha pengo, unakatwa alama, ingawa mara nyingine halikwepeki.

"Haya si ya kubuni," mwalimu alisema. "Watafiti wanatumia majibu yenu kutafuta chanzo cha magonjwa ya kurithi. Chagueni ugonjwa mmoja."

Chiriku alitaja ugonjwa wa kunyauka misuli kabla mwalimu hajafunga mdomo. Kaka yake, aliyempita miaka miwili, alianza kuanguka ovyo akiwa darasa la tatu. Sasa hakuweza hata kujigeuza kitandani, na kifua nacho kilikuwa kinachoka. Daktari alishamwambia mama yao ukweli. Mama hakuwaambia watoto, ila alizidi kumkanda kijana wake miguu.

Basi Chiriku akajifunga kibwebwe. Wiki haikuisha akawa anaongoza darasa. Na kwa kuwa wenzake walikwama, akawapitia mmoja mmoja, akianza na Tembo, pande la mvulana.

"We Tembo, vidole hivyo vya kupigia ngumi? Sogeza cha bluu. Acha pengo hapo. Haya, tuma!"

"Na kama nimekosea?"

"Utakosea vipi na mimi nimesimama hapa?"

Majibu thelathini na mawili yakaondoka, yote ya kwake. Aliamini kwamba yakienda mengi, dawa itapatikana upesi.

Jumatatu mwalimu alimwita maabara. Akamvutia kiti, yeye mwenyewe akabaki amesimama.

"Wameyatupa majibu yetu, mwanangu. Yote."

"Tumekosea?"

"Yanafanana mno. Fumbo moja hupewa watu wengi. Wasiojuana wakiafikiana, ndipo watafiti wanaamini. Sisi tumewapelekea mtu mmoja mara thelathini na mbili."

"Kumbe mimi ndiye niliyeharibu."

"Ni mimi. Sikuwaeleza kwa nini kila mtu acheze peke yake. Nilikuona ukiwasaidia wenzako, nikafurahi tu."

"Tukirudia, dawa itamuwahi kaka?"

Mwalimu alikuwa na uongo mtamu mdomoni. Akauacha.

"Hapana. Hata tusingekosea. Kazi hii ni ya miaka mingi, mwanangu. Itawafaa watoto ambao hatutawajua." Kisha akamkabidhi kishikwambi kimoja. "Nenda nacho nyumbani, ukae nacho."

Nyumbani kaka yake alimngoja kama kila siku. "Haya, mdogo wangu, mmefika wapi?"

Akamweleza yote, na ile hapana pia.

"Nilijua," kaka alisema. "Nilidhani wewe hujui, ndiyo maana nikanyamaza. Hebu nipe, nami nicheze. Huo huo ugonjwa wangu."

Chiriku akamwekea kishikwambi juu ya mto. Kidole kimoja tu ndicho kilichokuwa bado kinamtii. Kikasukuma kigae cha bluu, polepole, mahali pasipo pake. Chiriku akakalia mikono yake.

"Sivyo, eh?"

"Sisemi."

"Chiriku hasemi! Leo jua litatua mashariki."

Alicheka mpaka akapaliwa, mama akaja kumwinua mgongo, naye akaendelea kucheza. Fumbo moja lilimlia alasiri nzima, na alama zake zilikuwa chini kuliko za yeyote darasani. Akabonyeza kutuma.

"Limepokelewa," Chiriku akamsomea.

"Lipo jingine?"

"Yapo maelfu."

Alimaliza manne, kila moja siku yake. Katikati ya la tano, kidole nacho kikakataa.