Mwito wa Gunhild

Torbjörn alizunguka dunia na saksofoni yake, na kila mahali watu walidai kipande kimoja tu: "Jioni ya Mlimani". Aliwaeleza kwamba alikitunga chumbani kwake Stockholm, mvua ikinyesha. Mimi, mpiga besi wake, niliitikia kwa kichwa kana kwamba naikumbuka mvua yenyewe.

Kiangazi hiki tulialikwa kupiga kwao Jämtland, milimani huko Uswidi, kwenye malisho ya juu ambako shangazi yake Gunhild bado anafuga ng'ombe. Tukiwa tunakunywa kahawa kabla ya onyesho, Gunhild akamkabili.

"Torbjörn, leo utasema wimbo ule umeutoa wapi?"

"Upi, shangazi?"

"Usijitie hamnazo. Huku kwetu mtu hapigi wimbo bila kumtaja aliyempa. Hata yule mlevi Olle na fidla yake humtaja babu yake."

"Mimi ni mtunzi, shangazi. Niliubadilisha."

"Uliuvisha suti tu!"

Nikacheka, Torbjörn akanikata jicho. Lakini Gunhild alinitia huruma. Hakutaka kingine, ila jina lake litajwe mara moja mbele ya majirani zake, kabla hajafa.

Onyesho likaenda vizuri. Ulipofika wakati wa "Jioni ya Mlimani", Torbjörn akaanza, "Hiki nilikitunga Stockholm..." Gunhild akainamisha kichwa.

Torbjörn akapuliza zile sauti za juu, ndefu. Hatukufika mbali. Kengele zikalia msituni, na ng'ombe wa Gunhild wakatokea, wakapita katikati ya viti, wakasimama mbele ya Torbjörn wakingoja chumvi ambayo hupewa wanapoitwa.

"Kumbe Stockholm nako kuna malisho!" jirani mmoja akapaza sauti. Watu wakavunjika mbavu. Torbjörn akashusha saksofoni, uso umemwiva.

Gunhild hakucheka. Alijiinua na mkongojo wake, akaweka kiganja shavuni, akawaita ng'ombe wake. Sauti ilikwaruza, lakini wimbo ulikuwa ule ule, bila mapambo yetu. Ng'ombe wakampa Torbjörn mikia, wakamwendea Gunhild.

Kisha Torbjörn akasema kwenye kipaza sauti, "Wimbo huu ni wa Gunhild, shangazi yangu. Niliusikia kwake nikiwa mtoto, nikimfuata malishoni." Akamgeukia. "Naomba uanze tena, shangazi."

"Haya, fuata. Usinipite."

Akamfuata, chini chini, akimngoja kila alipovuta pumzi. Nimempigia besi tangu tukiwa na nywele, na sikuwahi kumsikia akimngoja mtu. Sikugusa hata uzi mmoja. Nilikuwa nalia.