Milima Mbele ya Wafalme

Karakana ya karata ilikuwa na meza mbili ndefu, moja dirishani na nyingine karibu na choo. Dirishani alikaa Fundi Sura, aliyechora watu. Karibu na choo alikaa Mama Mawingu, aliyechora kila kilichokuwa nyuma ya watu. Ndivyo taroti, karata za kutabiria, zilivyotengenezwa pale: Fundi Sura anamchora mfalme na kiti chake, nyuma anaacha kweupe, na wino ukikauka karatasi inavuka chumba kwenda meza ya pili. Watu wa jumba la kifalme walikuwa kumi na sita, wafalme, malkia, wapanda farasi na matarishi wa panga, vikombe, fimbo na sarafu. Kwa miaka kumi na minane Mama Mawingu ndiye aliyewapa mbingu na ardhi.

Hakuchora ovyo. Mama yake, Bi Mkubwa, alikuwa msoma karata, na alimfundisha tangu mdogo. "Mfalme atakuonyesha anachotaka ukione," alikuwa akisema. "Ukweli wake uko mgongoni." Kwa hiyo malkia wa panga alipata mawingu mazito hadi kiunoni na anga safi kichwani, maana amelia akamaliza. Mfalme wa vikombe, anayejifanya mtulivu, alipata bahari iliyochafuka. Mpanda farasi wa fimbo alipewa jangwa, kwa kuwa ana moto mwingi na maji hana. Tarishi wa sarafu, anayeishangaa sarafu yake, aliwekewa mlima mmoja wa buluu kwa mbali, ambao ni kazi ambayo bado hajaianza. Wasoma karata walizipenda karata za karakana ile kwa sababu ya mambo hayo. Kwenye boksi paliandikwa: Michoro yote ni ya Fundi Sura.

Mwaka huo daktari alimwambia Bi Mkubwa kwamba macho yake yamebakiza miezi mitatu. Bi Mkubwa hakulia. Alisema anataka kulisoma jina la mwanawe kwenye boksi kabla ya hapo, na kusomewa na mtu hataki. Toleo jipya lilikuwa linakaribia, hivyo Mama Mawingu akaenda kwa meneja.

"Bosi, safari hii jina langu liwemo kwenye boksi."

"Kwani jina lako nani?" aliuliza meneja.

Alimtajia. Meneja hakuliandika popote.

"Mama, watu wananunua wafalme. Nani ananunua mawingu? Au vipi, Fundi?"

Fundi Sura aliinama akasafisha brashi iliyokuwa safi tayari. "Mimi sina neno," alisema. Hilo lilimuuma Mama Mawingu kuliko swali la meneja, kwa sababu neno alikuwa nalo.

Kesho yake asubuhi, kwenye karata zote, vya nyuma vilikuwa vimekuja mbele. Mlima wa buluu ulikuwa umesimama mbele ya tarishi wa sarafu, na yeye alibaki unyoya wa kofia tu. Bahari ilikuwa imemfika kidevuni mfalme wa vikombe. Vipepeo waliochorwa kwenye anga la mfalme wa panga walikuwa wametua mdomoni mwake, wote. Wapakiaji walilalamika kwamba maboksi yanalowa chini, meneja akaamuru karata zote za vikombe zianikwe kwenye kamba na sakafu ipigwe deki mara mbili kwa siku. Mteja mmoja alipiga simu kusema karata zake za miaka mitano iliyopita nazo zimegeuka. Alitaka kujua tu kama kitabu cha maelezo ni kilekile.

Fundi Sura alipewa kazi ya kuwachora upya wafalme mbele ya milima. Hadi saa ya chai walikuwa wamezama tena, na kidau chake cha wino kilikuwa kimejaa mchanga. Aliumwaga dirishani, akaendelea.

Meneja alivuka chumba mwenyewe.

"Virudishe nyuma."

"Jina kwanza."

"Virudishe, halafu tutazungumza."

"Bosi, mimi si mtoto wa juzi. Nimekaa nyuma miaka kumi na minane bila kusukumwa na mtu. Leo sitaki."

Meneja alimwekea karatasi ya kutia saini, inayosema kwamba mawingu, milima, bahari na wadudu wote ni mali ya karakana. Mama Mawingu aliisoma hadi mwisho, kisha akaifutia brashi.

Wiki ya pili karata ziliisha madukani. Wasoma karata walisema sasa kazi ni nyepesi, mtu haulizwi tena mfalme anaficha nini. Meneja alichapisha maboksi mengine, makubwa zaidi, yaliyoandikwa kwa dhahabu: Toleo la Milima. Chini yake: Michoro yote ni ya Fundi Sura. Mama Mawingu alipoliona alifunga brashi zake kwenye kitambaa, akaondoka bila kuaga. Milima haikurudi nyuma, na karakana haikumwomba tena.

Bi Mkubwa alilileta boksi karibu na pua, akalizungusha pande zote sita.

"Jina lako halimo."

"Halimo, mama."

"Mlima nauona. Mzuri. Lakini mimi niliomba jina."

Mwezi wa tatu macho yalizimika, kama daktari alivyosema.

Tangu hapo, kila Jumamosi, mama na binti hushikana mikono na kuingia kwenye maduka yanayouza karata, duka baada ya duka. Mama Mawingu huchukua boksi, husimama mbele ya watu na kutaja jina lake lote, la kwake na la baba yake, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni.

"Hii milima nimeichora mimi."

"Boksi linasema Fundi Sura," husema muuzaji.

"Boksi linadanganya."

"Sawa mama, tumekusikia. Pisha foleni."

Hapishi. Bi Mkubwa humbana mkono, uso ameuelekeza kwenye rafu.

"Wamelibadilisha?"

"Bado."

"Basi waambie tena."