Bembea ya Mama Hemlata

Mwaka tisini na nne mashirika ya umma yaliuzwa mpaka viti vya wageni. Siku ile mnada ulikuwa kwenye bohari moja Kariakoo, na mimi nilifuata kitu kimoja tu: bembea ya mninga, yenye minyororo ya shaba, ya kuning'inizwa sebuleni. Mama Hemlata alimnyonyesha mwanawe Manubhai juu yake, kabla nyumba yao haijataifishwa na bembea kubaki humo mikononi mwa shirika. Sasa bibi alikuwa na miaka themanini na mbili, na kulabu zilikwisha kufungwa darini kwao Mchafukoge.

Manubhai mwenyewe alibaki dukani, kando ya simu.

"Wakiona Mhindi anaitaka, bei itapaa. Nenda wewe, Mzee Kitwana. Mwisho laki moja. Na usimwambie mtu."

Nikavaa kofia yangu ya kijani, nikasimama mbele kabisa. Dalali akaanza na elfu ishirini. Nikasema thelathini. Nyuma yangu akadakia Wilbert, Mchaga wa duka la vyombo:

"Arobaini!"

"Hamsini. Kijana, bembea ya nini? Si kwenu Rombo mnabembea kwenye migomba?"

"Sitini! Shikamoo mzee. Mgongo huo nao utabembea?"

"Marahaba. Sabini!"

Watu wakacheka. Nami nilinogewa, sifichi. Nilipofika laki, Wilbert akanywea, akachomoka mbio nje. Nikajua nimeshinda. Ndipo mwenye baa mmoja, aliyekuwa kimya muda wote, akasema:

"Laki na elfu tano."

Nikatoka nikamwombe Manubhai ruhusa. Simu ya karibu ilikuwa duka la dawa jirani, na aliyeing'ang'ania alikuwa Wilbert. Nikasimama nyuma yake, naguna.

"Tajiri, niongeze? Kuna mzee mmoja hapa mbishi, ana kofia ya kijani..."

Sauti ya Manubhai ikatoka kwenye simu mpaka muuza dawa akageuka: "Kijani? Huyo wangu! Nyie wote wangu!"

Tulikimbia kama tumeiba. Nyundo ilikuwa imeshagonga. Tukambembeleza yule bwana atuuzie, akatikisa kichwa.

"Hata sikuitaka. Ila nyie mlivyoigombania, nikajua ina siri."

Jioni nilimuuliza Manubhai kwa nini alituma wawili. Hakukasirika, na hilo ndilo liliniuma.

"Mzee, wewe uliniambia mafuriko ya Jangwani yalikuletea kambare akabisha hodi. Ningekutegemea peke yako?"

Alinituma nipande juu kumwambia mama yake. Bibi alikuwa chini ya zile kulabu, ameshika kitambaa cha kufutia shaba.

"Imekuja?"

"Haikuja, mama. Imeuzwa. Tumeipoteza sisi wenyewe."

Akacheka mpaka machozi.

"Muongo wewe, Kitwana! Haya, mmeificha wapi?"

Nikarudia. Akazidi kucheka, akageuza kiti kuutazama mlango.