Fumba, Ndugu Yangu

Wodi haikuwa na stendi ya kutundikia dripu, kwa hiyo Mrefu alisimama kando ya kitanda tangu asubuhi, ameinua chupa kwa mkono wa kushoto. Mkono ulipokufa ganzi aliupa wa kulia zamu. Kitandani walilala wawili, kichwa cha mmoja kwenye miguu ya mwenzake: mzee aliyekohoa bila kuamka, na Cheche, ambaye nusu ya uso wake ilizungushiwa bandeji. Juu ya jicho la kulia bandeji ilikuwa imeanza kugeuka rangi.

"Kaa chini, mwanangu," alisema mama yake Cheche. "Umembeba mgongoni mpaka hapa, sasa unataka kufa umesimama?"

"Sijachoka, Mama."

"Uongo huo." Alikata mkate akampa kipande kikubwa. "Kula. Kama si wewe, leo ningekuwa nazika."

Mrefu aliutia mkate mdomoni. Alitafuna bila kumtazama.

Mama alipokwenda kuchota maji, Mrefu aliutazama ukuta mtupu. Stendi ya dripu ni kazi ndogo tu: bomba moja, miguu mitatu, ndoano juu. Yeye na Cheche walikuwa na kibanda cha kuchomelea vyuma nyuma ya ghala la mbao. Mashine moja, kinyago kimoja cha kukinga macho. Aliyechomelea alivaa kinyago, aliyeshika chuma alibaki uso wazi, na kabla moto haujaruka mwenye kinyago alisema, "Fumba!" Mwenzake alifumba macho, akaendelea kushika chuma palepale bila kutikisika mpaka aambiwe afumbue. Miaka yote hiyo hakuna aliyemsahau mwenzake hata mara moja.

"Nyinyi wawili mmeoana," wateja waliwatania.

"Ndiyo," Cheche alijibu, "ila mahari yangu huyu ananizungusha tu."

Kiwanja kilikuwa cha Mwenyekiti. Mashine pia. Aliongoza tawi la mashabiki wa timu ya zambarau, na mwaka huu alitaka uenyekiti wa klabu nzima. Kazi zilipokauka, ikawa hakuna anayeulizia hata bawaba ya mlango, yeye ndiye aliyekuja na oda: mabomba mafupi ya kushikika mkononi, mengi kadiri watakavyoweza.

"Kila moja liwe na pete ya kufungia kamba," alisema. "Bila pete ni rungu, polisi watalichukua getini. Likiwa na pete ni mlingoti wa bendera."

Alicheka, nao wakacheka. Cheche alipiga tupa ncha za kila bomba mpaka zikawa laini kama ukingo wa kikombe. Hakupenda kazi inayokwaruza mkono wa mtu.

Siku ya mechi lori la tawi lilikuwa bure, tiketi bure, jezi bure. Na Mrefu alifurahi, huo ndio ukweli. Jukwaani hakuwa fundi anayengoja mteja. Aliimba, na watu asiowajua walimkumbatia kama wamenyonya ziwa moja.

Timu ya zambarau ilifungwa. Mawe yakaanza, kisha mabomu ya machozi, na katika kusukumana huko Cheche alipotea. Alijikuta upande wa wapinzani, mashabiki wa timu ya rangi ya machungwa. Akafanya wanachofanya wote wanaokwama kwa wapinzani: akavua jezi, akaigeuza ndani ikawa nje, ikabaki kitambaa cheupe chenye mishono. Akapita katikati yao ameinamisha kichwa. Akaliona lori. Akaanza kukimbia.

"Huyo kageuza jezi!" watu wa lori walipiga kelele. "Wa kwao huyo, anajificha!"

Macho ya Mrefu yalikuwa yanachoma kwa moshi. Aliona mishono, aliona mtu anakuja mbio. Alipiga mara moja tu. Bomba halikumkwaruza kiganja.

"Mrefu," Cheche aliita kutoka kitandani.

"Nipo."

"Shusha mkono kidogo. Dripu inakimbia."

Akashusha. Mzee alikohoa, akageuza miguu.

"Nilipokuona pale kwenye lori," alisema Cheche, "nikajiambia, basi, nimefika."

Mrefu aliihamishia chupa mkono mwingine. "Haki ya Mungu sikukujua. Moshi ulikuwa mwingi, halafu ile jezi..."

"Nilikuita."

"Watu walikuwa wanapiga kelele."

"Nilikuita kwa jina, bwana." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Mrefu alitazama mlangoni. "Nitamwambia Mama. Akirudi tu, namwambia."

"Mwache. Leo ana mtoto mmoja mgonjwa. Ukimwambia, amepoteza wote wawili."

Mama alirudi na ndoo ya maji, na nyuma yake akaja Mwenyekiti. Viatu vyake vililia sakafuni. Alifuatana na kijana mwenye simu ya kupigia video, na mkononi alishika jezi mpya ya zambarau, bado imo kwenye karatasi yake ya plastiki.

"Shujaa wetu!" alisema. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mwenyekiti, wanasema jicho linataka kupasuliwa hospitali kubwa, na wanasema ni leo, si kesho."

"Tawi halimtupi mtu, Mama." Aliitoa jezi kwenye plastiki, akaitandaza kifuani kwa Cheche, akailainisha kwa viganja. "Kijana atasema maneno mawili hapa kwenye simu, nani aliyemfanyia hivi. Halafu gari linakuja."

Cheche aliipapasa jezi. Kisha akasema, "Sikuona."

"Huhitaji kuona. Unahitaji kusema."

Mrefu alimkabidhi Mama chupa ya dripu. "Mwenyekiti, naomba tuongee nje."

Koridoni wagonjwa walikuwa wamelala chini, wameegemea ukuta. Mrefu alitafuta mahali pa kusimama bila kumkanyaga mtu.

"Ni mimi niliyempiga."

Mwenyekiti hakushtuka. "Najua. Lori zima linajua."

"Nataka kusema ukweli."

"Sema. Polisi watauliza bomba limetengenezwa wapi. Kibanda kitafungwa, mashine yangu nitaichukua, wewe utalala ndani. Na mwenzako atabaki na jicho lake hilohilo, bila wa kulilipia." Akamshika bega kwa upole, kama baba. "Huo ukweli wako utamtibu nani, kijana wangu?"

Mrefu aliwatazama wagonjwa waliolala chini.

"Picha yako umembeba mgongoni imeshazunguka kila mahali. Watu wamelia. Sasa mimi niwaambie nini?" Aliitazama saa. "Rudi ndani. Mama wa watu anachoka mkono."

Ndani, Mama alikuwa amesimama kwa ncha za vidole, ameiinua chupa juu kadiri alivyoweza. Kijana alikuwa ameshainua simu.

"Ni wale," Cheche alikuwa akisema. "Ni wale wa machungwa."

"Rudia," alisema Mwenyekiti. "Kwa sauti kidogo, na utazame mbele."

Cheche hakuitazama simu. Kwa jicho lililobaki alimtazama Mrefu aliyesimama mlangoni.

"Ni wale," alisema.

Video ilifika kila mtaa kabla jicho halijafika hospitali kubwa. Jioni hiyohiyo vijana wa tawi walimpiga muuza maji aliyekuwa amevaa jezi ya machungwa aliyopewa na mtu, mpaka akashindwa kusimama. Gari lilikuja baada ya siku kadhaa, uchaguzi wa klabu ulipokwisha na Mwenyekiti akashinda. Alilipa, kweli. Madaktari walisema mgonjwa amecheleweshwa. Kilichobaki ni kulitoa jicho.

Bandeji ilipoondoka Cheche alirudi kibandani. Hakuweza kuchomelea tena: umbali ulimdanganya, moto aliupeleka kando ya chuma. Kwa hiyo alikaa juu ya kreti na kupiga tupa. Hakuhitaji kutazama. Alizungusha dole gumba kwenye ncha ya bomba, akasikiliza ngozi yake.

"Hili bado linakwaruza," alisema. "Litamuumiza mtu."

Ilikuwa oda ya mechi ya marudiano. Lori la tawi lilingoja nje, injini ikiunguruma, dereva akipuliza moshi wa sigara dirishani. Lilikuwa limebaki bomba la mwisho la kutiwa pete. Cheche aliliweka juu ya meza ya chuma, akalishika kwa mikono miwili kama zamani.

Mrefu alishusha kinyago.

"Fumba," alisema.

Cheche hakufumba. Jicho lake moja lilibaki wazi, likiutazama mkono wa Mrefu.

"Fumba, ndugu yangu. Moto utakuunguza jicho."

"Anza tu."

"Nitaanzaje na wewe hujafumba?"

Dereva alipiga honi. Mrefu aliinua kinyago, akakishusha tena. Bomba lilikuwa palepale, halikutikisika hata kidogo.

"Cheche. Tafadhali."

Jicho halikupepesa. Nje, honi ililia tena, ndefu zaidi.