Sato Waliokataliwa na Nzi

Kila mwezi mwandamo, ziwa la Murangi hutapika. Wadudu wadogo huinuka majini kama moshi, upepo ukawasukuma nchi kavu, na hapo huna pa kujificha. Wanaingia puani, kwenye chai, kwenye uji wa mtoto, hata mdomoni mwa katekista anaposoma injili. Ukiwapangusa wanapondeka na kukuachia shombo mkononi. Bernado aliwachukia kwa roho yake yote, na bado ndio waliomlisha.

Maana wadudu wakizidi, soga hupanda juu. Soga ni samaki mwembamba mwenye kung'aa, anayedaka wadudu juu ya maji, na Bernado alijua kumdanganya. Alifunga ndoano ndogo kwa manyoya mawili ya shingo ya jogoo, akaining'iniza kwenye ufito mrefu, akasimama jabalini na kuigusisha maji taratibu. Wenzake walimcheka. Tangu sangara ajae ziwani na magari ya barafu yaanze kumfuata, mtu mzima mwenye ufito alionekana amechanganyikiwa. Na kweli soga walikuwa wamebaki wa kutafuta kwa tochi. Sangara alikuwa amewamaliza.

Jumapili hiyo Bernado alihitaji samaki wengi. Wageni walikuwa wanakuja kutoka Butiama kumposa binti yake Tereza, na asubuhi nzima alipata soga kumi na mmoja tu. Alirudi nyumbani akitema wadudu njia nzima, akakuta beseni limejaa sato wanene. Shemeji yake Felisian, kaka wa mkewe Dafroza, amekaa kando yake anatabasamu.

"Shemeji, leo huaibiki," alisema.

Bernado akainama kutazama. Wadudu wa ziwa walikuwa wamefunika ukingo wa beseni, kamba ya nguo, na masharubu yake mwenyewe. Nzi wa jikoni nao walikuwa wengi. Juu ya sato hakukuwa na hata mmoja. Nzi, kiumbe asiye na haya, anayetoka chooni akaja mezani bila kubisha hodi, alikuwa amewakataa samaki hawa! Bernado akafunua shavu la mmoja. Harufu ya shamba la pamba lililopigwa dawa ikampanda kooni, akageuka kando na kutapika.

Siku hizo za biashara huria, dawa hiyo iliuzwa gulioni Bunda na yeyote, kando ya sabuni na betri.

"Umewavua kwa kumwaga dawa ya pamba majini," Bernado alisema.

"Watu wanakulaga kila siku, shemeji. Umeona nani amekufa?"

"Na wewe utawala?"

Felisian akatazama pembeni. "Mimi nimeshiba."

Kinyaa kikamjaa Bernado, na safari hii kilikuwa kinyaa cha mtu. Lakini mtu huyo alikuwa kaka wa mkewe, na siku ya posa ukimuumbua shemeji umejivua nguo mwenyewe. Alilisukuma beseni nyuma ya jiko, akalifunika gunia, akamwambia Dafroza achinje kuku wawili, sato wabaki. Wageni wakishaondoka, atawatupa chooni, na hakuna atakayejua.

Posa ilikwenda vizuri. Soga wakapikwa na nyanya, kuku wakaongezwa, na mzee Makongoro, baba wa kijana, akala huku akifukuza wadudu na kucheka. Mahari ikatajwa, ikakubaliwa. Saa tisa wageni wakapanda pikapu ya abiria. Bernado akapiga hatua mbili tatu hadi nyuma ya jiko. Gunia lilikuwa chini, beseni tupu.

"Dafroza! Sato wako wapi?"

"Nimewafungashia wakwe. Kwani sisi watu wa ziwani tunaachaga wageni waondoke mikono mitupu? Si ndiyo maana uliwabakisha?"

Bernado akatoka mbio. Pikapu ilikuwa imesimama senta, penye maduka, kupakia abiria wengine. Alifika akiwa amemeza wadudu wasio na idadi, akaparamia nyuma, akalivuta tenga la sato na kulimwaga barabarani mbele ya watu wote.

Mzee Makongoro akashuka. "Mkwe, unatunyang'anya zawadi?"

"Wana sumu, mzee wangu! Ni dawa ya pamba. Aliyewavua ni shemeji yangu."

Watu wakarudi nyuma. Makongoro akawatazama samaki vumbini, kisha akamtazama Bernado.

"Umejua lini?"

Angeweza kusema ni sasa hivi. "Asubuhi," alijibu.

"Asubuhi. Mchana kutwa tumekaa kwako tunacheka, sumu iko nyuma ya jiko, na wewe unajua."

"Sikutaka mle, mzee. Nilitaka kuficha aibu tu."

"Kwangu nina wajukuu sita," Makongoro alisema bila kupaza sauti. Akatema mate chini, akapanda gari, na gari likaondoka.

Tereza alikuwa amemfuata baba yake mbio, bado yuko ndani ya gauni la posa. Alikuwa amesikia yote.

"Baba," alisema, "hata mama hukumwambia?"

Bernado akachuchumaa vumbini, akaanza kuwaokota sato mmoja mmoja.