Majani Mekundu Kiwanjani

Mama Tabi aliapa mbele ya wanawake waliokuwa wakimenya magimbi kwamba ameona kwa macho yake. Asubuhi ile ndege ilitokea penye pengo la mlima, ikashuka, magurudumu yakakaribia nyasi, mara marehemu Atem akasimama katikati ya kiwanja, kajifunga shuka la hospitali, mkono kauinua. Rubani akapata kiwewe, akageuza.

"Hata miguu hakuwa nayo!"

"Sasa alisimama na nini, mama?" mmoja alimchokoza, wakaangua kicheko.

Yasenip hakucheka. Yeye ndiye aliyekuwa akiongea na marubani kwa redio ya kampuni ya ndege pale kijijini, na ndiye aliyemwambia Kapteni Lohia asitue. Mjomba wake Finsep, mwenye ardhi ya kiwanja, alikuwa amechomeka fito zenye majani mekundu toka ukingo hadi ukingo, ndege isitue mpaka mwili wa ndugu yake Atem uletwe kutoka mjini. Majani hayo hung'olewa na mkono ulioyaweka tu. Akiyagusa mwingine, koo mbili zinashika pinde.

Na kule kwenye nyumba ya dawa, dada yake Sulunip alikuwa na uchungu tangu jana, mtoto kakaa kimlalo. Nesi alishasema, asipofika mjini akapasuliwa, watazikwa wote wawili.

Yasenip alimkuta mjomba wake kando ya fito zake, anavuta tumbaku. Akaketi chini, mbali kidogo, akangoja ashushe moshi.

"Mjomba, ndege inarudi sasa hivi. Wingu likishaziba pengo, basi tena."

"Inamleta ndugu yangu?"

"Kapteni anasema mara hii hapana. Wameweka machela ya Sulunip. Jeneza litakuja safari inayofuata."

Finsep alicheka kicheko kikavu. "Maneno hayo nayajua, safari iliyopita yalitoka mdomoni mwako. Nikajipaka udongo wa msiba, nikaja hapa na watu wangu wote. Mlango wa ndege ukafunguliwa. Tukaona nini?"

"Mchele, mjomba."

"Mchele! Na mafuta ya kupikia ya dukani. Atem kalala kwenye jokofu na watu asiowajua, mchele unapanda ndege. Nani alikutuma uniambie anakuja?"

"Wao. Nilisema walichosema."

"Basi na leo umetumwa."

"Leo sikutumwa na mtu. Sulunip ni mtoto wa dada yako."

"Usinifundishe ndugu zangu, binti!" Lakini aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya chini. "Nikiyang'oa haya, wakamsahau Atem huko huko, nitawashika na nini?"

Hata Yasenip hakuwaamini watu wa kampuni.

Mngurumo ulisikika nyuma ya mlima. Redio ndogo mkononi mwake ikakwaruza.

"Yasenip, Lohia hapa. Wingu linanifungia. Kiwanja kikoje?"

Hakubonyeza kumjibu. Alipiga magoti kwenye nyasi mbichi, akamshika mjomba wake miguu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe.

"Mjomba, ng'oa. Nakuomba, ng'oa."

Ndege ilipita juu yao, ikainama, ikaanza kuzunguka. Finsep aliinua uso akaifuata kwa macho.

"Yasenip?" iliita redio. "Kiwanja kikoje?"

"Mjomba."