Yarbu wa Kagarama

Mama Febronia, mwenye nyumba wangu, alifungua mlango wa chumba changu bila kubisha, akaona kisanduku cha kioo juu ya meza, na ndani yake mkia.

"Tito! Unafuga panya kwenye nyumba yangu?"

"Siyo panya, mama. Ni jerbili."

"Nimekulia Karagwe, mwanangu. Panya namjua hata akivaa suti."

Damu ilinichemka. Nikasimama, nikamweleza kama niko jukwaani. Waarabu walimwita yarbu mnyama mmoja wa jangwani anayeruka kwa miguu ya nyuma. Wasomi wa Ulaya wakalichukua jina hilo, wakalitia Kilatini, wakalifanya dogo, wakampa huyu. Jerbili maana yake ni yarbu mdogo. Tazama mkia wake, una manyoya mpaka ncha. Wa panya uko uchi. Tena ukoo wa hawa wanaofugwa majumbani ulitoka Mongolia.

Alinisikiliza hadi mwisho, mikono kiunoni.

"Jina la Kiarabu, kwao Mongolia, anakaa kwangu Kagarama. Kibali cha kuishi anacho?"

Kabla sijajibu, jerbili alisimama wima, akapiga sakafu ya kisanduku kwa miguu ya nyuma. Du-du-du.

"Anafanya nini huyo?"

"Ameogopa sauti yako. Anamtahadharisha mwenzake."

Akachungulia. "Mwenzake yuko wapi?"

"Alikufa."

Mama Febronia alishusha mikono. "Haya, akae," alisema. "Lakini siku akitoka humo, mnahama wote wawili."

Akaondoka. Nilikuwa nimeshinda. Nikamgeukia jerbili nimpe habari, nikamkuta bado anapiga. Anapiga, anatega sikio, anapiga tena. Alikuwa anangoja mtu akimbie.

Pamela, tuliyefanya naye kazi ofisi moja, ndiye aliyeniachia jerbili wawili aliporudi Kisumu. Walilala wamebebana kama jozi ya soksi. Mkubwa alipokufa, huyu aliacha hata kuchimba. Siku chache baadaye Kaliza, rafiki wa Pamela anayekaa Masaka ya hapa hapa Kigali, alikuwa amenipigia.

"Wangu naye kabaki peke yake. Mlete wako."

"Wangu hatoki."

"Atakufa kwa upweke, kaka."

"Basi mlete wako huku."

"Huku kwa nani? Wewe unashinda kazini. Kuwazoesha kunataka mtu nyumbani."

Nilimkatia simu. Mimi sipendi kufundishwa. Na ukweli mwingine sikumwambia: Kigali nzima nina watu wengi wa kusalimiana nao, lakini aliyekuwa akiamka nikiingia ni huyo mmoja. Jioni nilimsomea mashairi yangu. Karatasi za yale yaliyokataliwa na magazeti alizichanachana akatandika kitanda. Sijapata msomaji aliyeyatumia vizuri zaidi.

Sasa alikuwa akipiga tena. Nikachukua simu.

"Kaliza, nafasi bado ipo?"

"Ipo. Usimpe maji mengi njiani."

Nilipanda moto, pikipiki ya abiria, hadi Masaka, kiboksi ndani ya jaketi, na kila tuta nilimsikia akijishika kwa kucha kifuani pangu. Kaliza alikuwa amegawa kisanduku chake kikubwa katikati kwa wavu wa waya.

"Nikiwatia pamoja leo watang'atana," alisema. "Kila siku nitawabadilisha pande, kila mmoja alale kwenye harufu ya mwenzake. Wakianza kulala wamegusana kwenye wavu, nautoa."

Nikamweka upande wake. Alinusa pembe zote. Mlango ukagongwa na upepo, naye akasimama: du-du-du. Upande wa pili yule mwingine akaruka, akazama kwenye majani makavu.

Kaliza akacheka. "Umeona? Amesikika."

Sikuweza kucheka. Nilisema nina haraka, ingawa siku ile haikuwa na chochote kilichonisubiri.

Chumbani nilikiacha kisanduku pale pale mezani, nikatoa kibakuli chake, na duara safi likabaki kati ya vumbi la mbao. Nikasoma ubeti mmoja kwa sauti, nikauacha njiani. Kisha, bila kujua kwa nini, nikapiga kisigino sakafuni. Du-du-du. Nikatega sikio.

"Tito!" Mama Febronia aliita kutoka upande wa pili wa ukuta. "Huyo Mwarabu wako anataka nini tena?"

"Siyo yeye, mama," nikasema. "Ni mimi."